Patasi na Kalamu: Uhakiki wa Tafakuri ya Mwanafunzi wa Uchoraji wa Vielelezo na Uchapaji

Ikisiri

Makala haya yanahakiki aina ya maandishi ambayo hutahiniwa sana na kuhakikiwa kwa nadra: tafakuri ambayo mwanafunzi wa uchoraji wa vielelezo huiandika kueleza jinsi alivyojifunza kuona na kuchapa. Inajengwa hoja kwamba thamani ya tafakuri hiyo imo katika vitenzi vyake, na kwamba Kiswahili kina rasilimali za kisarufi na za karakana zinazotosha kuibeba. Hatari iliyopo ni kwamba nchi zetu, zikiwa katika hatua ya kukipa Kiswahili nafasi kubwa zaidi katika elimu, zinaweza kutafsiri fomu za tathmini pamoja na utupu wake.

Maneno muhimu: tafakuri, uchapaji, vielelezo, mnyambuliko, tathmini

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa uchoraji wa vielelezo huwasilisha mambo mawili mwishoni mwa muhula. La kwanza ni kazi yenyewe: michoro, vibao vilivyochongwa na chapa zilizotolewa kutokana na vibao hivyo. La pili ni maandishi mafupi ya kueleza safari ya kazi hiyo. Mtahini huitazama kazi kwa jicho la sanaa. Maandishi huyasoma kwa jicho la karani, akikagua iwapo malengo yametajwa, changamoto zimeorodheshwa na mafanikio yamedaiwa.

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuyaachia maandishi ya namna hii idara za elimu. Kuyaacha hivyo si sahihi. Tafakuri ni masimulizi: ina msimulizi, ina wakati, ina mgogoro, na ina mtindo unaoweza kufichua au kuficha. Aidha, alama hutolewa kwa kuitegemea. Mwanafunzi mwenye mkono mwepesi na kalamu nzito anaweza kushindwa na mwenzake ambaye hali yake ni kinyume. Kwa hiyo suala la lugha ya tafakuri ni suala la haki kabla halijawa suala la mtindo.

Sentensi zinazotumika hapa kama mifano zimetungwa na mwandishi ili kuonyesha aina. Hazikutolewa katika kazi ya mwanafunzi yeyote.

2. Sentensi isiyo na kibao

Tuanze na aina iliyoenea zaidi:

(a) Katika muhula huu nimekuza stadi zangu za kuona na za uchapaji. Nilikabiliana na changamoto mbalimbali, lakini nilizishinda, na sasa ninajiamini zaidi.

Sentensi hizi hazina kosa la sarufi. Udhaifu wake ni kwamba zingeweza kuandikwa na mwanafunzi wa ushonaji, wa uhasibu au wa kilimo kwa kubadilisha neno moja tu. Kiima cha kila kitenzi ni mwandishi mwenyewe: nimekuza, nilikabiliana, nilizishinda, ninajiamini. Mbao haimo. Wino haumo. Hata hizo changamoto hazina sura, na msomaji hawezi kujua kama kilichoshindwa kilikuwa mkono, jicho au karatasi.

Waswahili husema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Aina (a) inaishi kwa roho ya methali hiyo: jambo liliharibika, lakini nikaendelea. Methali ni ya kweli, ila mhunzi anayejifunza hana budi kusema koleo limevunjikia wapi. Asiposema, atakayemfuata atalivunjia pale pale.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kumtaka mwanafunzi ataje vifaa. Matokeo yake ni aina ya pili:

(b) Nilitumia lino, patasi, rola na wino wa mafuta. Nilihamishia mchoro kwenye lino, nikachonga, nikapaka wino, nikaweka karatasi na kuchapa.

Hapa karakana imeingia katika maandishi, na hayo ni maendeleo. Hata hivyo, huu ni utaratibu wa kazi, nao ungeweza kuandikwa kabla kazi haijaanza. Hakuna palipoamuliwa jambo. Nomino za fani, hata zikiwa sahihi, haziwi tafakuri mpaka pawe na uamuzi na gharama ya uamuzi huo.

3. Kibao kinachojibu

Linganisha na aina ya tatu:

(c) Nilichora uso kwa penseli, mistari mitupu. Nilipoanza kuchonga, mistari ile haikuchongeka. Kila nilipouzunguka mstari kwa patasi, kingo zake zilimomonyoka. Katika jaribio la tatu niliacha kuuhifadhi mstari, nikachonga mwanga. Shavu likatokea.

Ili kuona uzito wa maneno haya, yafaa kukumbuka jinsi chapa ya mwinuko inavyofanya kazi. Sehemu iliyochongwa hubaki bila wino na hutoka nyeupe. Sehemu iliyoachwa ndiyo inayobeba wino. Mwenye penseli huongeza giza juu ya karatasi nyeupe. Mwenye patasi huanza na giza tupu, kisha huingiza mwanga. Zaidi ya hayo, picha hugeuka: mkono wa kulia kwenye kibao huwa wa kushoto kwenye karatasi, na herufi sharti zichongwe kinyume ili zisomeke. Kwa hiyo anayetoka katika penseli kwenda katika patasi hupata zana mpya pamoja na mazoea mapya ya jicho.

Hilo ndilo linalosemwa na kauli “nikachonga mwanga”. Stadi ya kuona, ambayo aina (a) iliitaja bila kuionyesha, hapa imekuwa tendo. Mwandishi hakudai kwamba anaona vizuri zaidi. Ameeleza alichoacha kufanya.

Kisarufi, mambo matatu yanastahili kuangaliwa. Kwanza, kauli ya kutendeka katika “haikuchongeka” inaupa mstari nafasi ya kiima na kuueleza kwa tabia yake mbele ya patasi. Kwa kiambishi kimoja, lugha imemwondoa mwanafunzi katikati ya sentensi na kuiweka kazi mahali pake. Pili, “zilimomonyoka” ni kitenzi cha udongo na ukuta. Kinaeleza namna ya kuharibika, si kuharibika tu. Tatu, kiambishi -ka- katika “nikachonga” na “likatokea” kinafunga uamuzi na matokeo yake katika mfuatano mmoja, bila haja ya kusema “kwa sababu hiyo nilijifunza kwamba”.

Hii haimaanishi kwamba (c) haina kasoro. Haisemi kama kibao kilikuwa cha mbao au cha lino, na tofauti hiyo ni kubwa. Lino halina nyuzi, na patasi hupita upande wowote. Mbao ina nyuzi, na patasi inayokwenda kinyume chake hung'oa vipande ambavyo mkono haukukusudia kuving'oa. Kingo zilizomomonyoka kwa sababu ya nyuzi ni tatizo la uteuzi wa mbao. Zilizomomonyoka kwenye lino huenda ni tatizo la makali ya patasi au la pembe ya mkono. Mhakiki anayeijua karakana atamwuliza mwanafunzi swali hilo, na swali lenyewe litakuwa somo. Aina (a) haimpi mhakiki nafasi ya kuuliza chochote.

4. Msamiati uliopo

Pingamizi la kawaida ni kwamba Kiswahili hakina istilahi za uchapaji wa sanaa. Pingamizi hili lina ukweli kiasi. Tunahitaji kukubaliana kuhusu majina ya aina za chapa. Katika makala haya “chapa ya mwinuko” ni ile ambayo wino hukaa juu ya sehemu iliyoachwa. “Chapa ya mfuo” ni ile ambayo wino huingia katika mfuo uliochimbwa au kuliwa na asidi katika bati, kisha uso wa bati hufutwa. Maneno haya ni mapendekezo tu.

Lakini msingi upo. Neno “chapa” limetufikia kutoka lugha za Bara Hindi na limekuwa letu kwa muda mrefu. “Kuchonga” hutumika kwa mtumbwi, kinyago na hata penseli. “Nakshi” imekaa kwenye milango ya Unguja na Lamu. La kuvutia zaidi ni “kuchora”: kamusi za zamani za Kiswahili hulipa neno hili maana ya kukata nakshi katika kitu kigumu pamoja na maana ya kupitisha mistari. Penseli na karatasi za shuleni ndizo zilizoielekeza maana ya kila siku upande wa mistari. Kwa hiyo mwanafunzi anayehama kutoka mchoro kwenda kibao haingii katika eneo geni la lugha. Anarudi katika nusu ya neno ambayo ilikuwa imesahauliwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: msamiati huu ni wa pwani, ilhali mwanafunzi wa Kampala, Bujumbura au Lubumbashi amekuwa na Kiswahili cha aina nyingine, au amekipata darasani tu. Jibu linapatikana Lubumbashi kwenyewe. Katika miaka ya 1973 na 1974 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora mfululizo wa picha zaidi ya 100 za historia ya nchi yake, akazieleza katika mazungumzo na mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alizichapisha pamoja na maelezo hayo mwaka 1996. Mazungumzo hayo yalifanyika kwa Kiswahili cha Shaba. Tshibumba hakuwa mwanafunzi wala mchapaji, na Kiswahili chake si cha vitabu vya sarufi. Hata hivyo, kazi hiyo inathibitisha kwamba Kiswahili cha bara kinaweza kubeba fikra za mchoraji anayefafanua uteuzi wake. Angedaiwa kwanza ajaze fomu kwa Kiswahili sanifu, pengine tungebaki na picha bila sauti.

5. Karakana za kanda na ukimya wa maandishi

Kanda yetu haikosi mapokeo ya chapa. Huko Makerere, Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, na shule iliyokua kutokana na madarasa yale ina jina lake hadi leo. Njia yake mojawapo ilikuwa kuwaeleza wanafunzi tukio kwa maneno, nao wakalichora kama walivyoliona akilini. Neno lilitangulia picha. Tafakuri ya leo inamtaka mwanafunzi afanye safari ya kurudi, kutoka picha kwenda neno. Lakini ni nadra safari hiyo kufundishwa kama stadi yenye mbinu zake. Nako Dar es Salaam, Nyumba ya Sanaa, iliyoanzishwa mwaka 1972, iliwalea wasanii waliofanya kazi ya chapa ya bati.

Mfano wa Fred Mutebi wa Uganda, anayejulikana kwa chapa za mbao za rangi nyingi, unaonyesha hasara ya ukimya huo. Njia anayohusishwa nayo ni ya kupunguza kibao hatua kwa hatua. Rangi ya kwanza huchapwa kwenye karatasi zote, kisha kibao kile kile huchongwa tena kwa ajili ya rangi ya pili, na kuendelea hivyo. Kila hatua huiangamiza iliyotangulia. Idadi ya nakala huamuliwa mwanzoni, kwani kibao hakirudi nyuma. Karatasi nayo sharti ilazwe pale pale kila mara, la sivyo rangi hupishana.

Mwanafunzi anayejifunza njia hii hubaki na kibao cha hatua ya mwisho tu. Uamuzi wote uliotangulia umekwisha kuwa vumbi sakafuni. Asipouandika kwa lugha yenye uzito, hakuna atakayeusoma tena, hata yeye mwenyewe. Hapa tafakuri inakuwa kumbukumbu pekee ya fikra zilizoujenga mchoro, na fomu inayoomba “changamoto na mafanikio” inaitupa kumbukumbu hiyo.

6. Athari za kisera

Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliagiza Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Maamuzi haya yatazaa kazi kubwa ya kutafsiri mitaala, miongozo na fomu. Tafsiri inaweza kuwa sahihi neno kwa neno na bado ikaendeleza aina (a), kwa sababu utupu wake haukutokana na lugha moja. Umetokana na swali linaloulizwa.

Mambo matatu yanapendekezwa. Mosi, fomu ya tafakuri imwulize mwanafunzi maswali ya karakana: kitu gani kilikataa, uliamua nini, na uamuzi huo uliharibu nini? Pili, maelezo ya mdomo yaliyorekodiwa mbele ya kibao yakubaliwe kuwa na hadhi sawa na maandishi, na lahaja ya mwanafunzi isiwe sababu ya kumpunguzia alama. Tatu, wanaounda istilahi waende kwa mafundi wa nakshi, wachonga vinyago na wenye mitambo ya chapa kabla ya kukaa mezani. Mapendekezo haya yana gharama: maswali ya wazi hayahesabiki kwa urahisi, na watahini wawili wanaweza kutofautiana. Lakini ulinganifu unaopatikana kwa kupima sentensi tupu ni ulinganifu wa utupu.

7. Hitimisho

Tafakuri ya mwanafunzi wa vielelezo ni maandishi yanayostahili uhakiki, kwa kuwa ndani yake lugha hutakiwa kufanya kazi ngumu: kueleza jinsi jicho lilivyobadilishwa na mkono. Kiswahili kina kauli ya kutendeka, kina -ka- ya mfuatano, kina kuchora, kuchonga na kuchapa. Kazi iliyobaki ni ya wanaotunga maswali na wanaotoa alama. Wakiuliza kuhusu kibao, watajibiwa kuhusu kibao. Wakiendelea kuuliza kuhusu stadi, watajibiwa kwa neno hilo hilo.