Mbatata za Ndoo Darsait: Chumvi, Potashi na Siku Mia

Anayetaka mbatata za kwenye ndoo au viroba juu ya paa Darsait, Muscat, hupanda kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba, akavuna Februari. Udongo ukikaribia nyuzi 30 mbatata huota majani lakini haifanyi viazi, na Muscat joto hilo linarudi mapema. Siku zilizopo ni kama 100 tu. Mbolea iliyochelewa haipati nafasi ya kufanya kazi.

Wengi hutia mbolea kwa kukisia, kwa hiyo tupige hesabu. Kila kilo 1 ya mbatata huondoka na takriban gramu 3 hadi 4 za naitrojeni na gramu 5 hadi 6 za potashi. Fosfeti haifiki hata gramu 2. Kiroba cha lita 40 tukikitarajia kilo 2, viazi peke yake, bila kuhesabu majani, vitataka kama gramu 7 za naitrojeni na gramu 12 za potashi. Sasa itazame NPK ya 15-15-15. Gramu 50 zake zina gramu 7.5 za kila kimoja: naitrojeni imetosha, fosfeti imezidi, potashi imepungua. Mtu akiona viazi vidogo huongeza mbolea ileile, na kinachonenepa ni majani. Pengo hilo huzibwa na gramu 10 hivi za salfeti ya potasiamu. Nasisitiza salfeti. Kloridi ni rahisi kwa bei, lakini inaongeza chumvi na kupunguza wanga ndani ya kiazi.

Na chumvi ndiyo adui mkubwa hapa, kuliko njaa ya mmea. Mtende huvumilia chumvi ya udongo hadi kipimo cha 4 dS/m kabla mavuno hayajaanza kushuka. Mbatata huanza kuumia kwenye 1.7. Maji ya bomba ya Muscat ni ya bahari yaliyosafishwa, chumvi yake ni ndogo. Inayojaa ndani ya ndoo ni ya mbolea yenyewe na ya samadi: maji yanapaa kwa jua, chumvi inabaki. Ndiyo maana siafiki dagaa wakavu kwenye ndoo, ingawa pwani ya Oman wamerutubisha mashamba kwa dagaa tangu zamani. Shambani chumvi ina pa kwenda, ndooni haina.

Dawa yake ni kumwagilia, mara moja kwa wiki, mpaka maji yatoke vizuri kwenye matundu ya chini, kisha kuyamwaga yale ya kwenye sahani yasinyonywe tena. Lakini maji hayohayo huondoka na naitrojeni. Hapo ndipo ratiba inapotoka: osha kwanza, lisha baadaye, na lisha kidogokidogo. Nusu ya NPK ichanganywe na udongo siku ya kupanda, kwa kuwa fosforasi haitembei, lazima mizizi iikute. Iliyobaki igawiwe mara mbili, wiki ya nne na wiki ya sita. Salfeti ya potasiamu iingie viazi vinapoanza kufunga, kwa kawaida wiki mbili hadi nne baada ya machipukizi kutokeza. Baada ya wiki ya nane, naitrojeni basi. Ukiitia, mmea utaendelea kuota majani wakati unatakiwa kupeleka chakula chini.

Kalisiamu ina tabia yake. Haishuki kutoka majani kwenda kwenye kiazi, kwa hiyo kuinyunyizia juu hakukisaidii. Kiazi huipata kwa vijizizi vyake mwenyewe na vya kikonyo chake. Ikikosekana, ukikata unakuta madoa ya kahawia ndani. Changanya jasi kwenye udongo unaoinulia shina, palepale viazi vinapokaa. Oman inachimba jasi kwa wingi, nayo jasi haiupandishi uchachu wa udongo wala kuushusha. Chokaa iache, inakaribisha upele wa ngozi ya kiazi.

Ili udongo usipate joto, ndoo nyeusi ifunikwe kitambaa cheupe upande wa jua la alasiri. Majani yakianza kuwa manjano, punguza maji, na yakishakauka subiri wiki mbili ngozi ikaze kabla ya kumwaga udongo. Udongo huo uoshwe kwa maji mengi, na msimu unaofuata upewe mchicha au kunde. Si nyanya wala bilingani, ambazo hushiriki magonjwa na mbatata.