Kutoa Kungali Mapema

Tumesoma maandiko ya Andrew Carnegie juu ya utajiri, yaliyotolewa Marekani mwaka 1889. Afundisha kwamba tajiri ni mwangalizi tu wa mali, naye aigawe kwa faida ya wote angali hai. Neno hilo twalisifu. Lakini kasoro yake ni hii: maskini angojea mpaka faida ikusanywe. Mwaka 1892, katika kiwanda chake cha chuma huko Homestead, ugomvi juu ya kupunguzwa mshahara uliua watu. Alikiuza mwaka 1901, ndipo kugawa kukawa kazi yake. Maktaba zaidi ya 2,500 zilizojengwa kwa fedha zake ni kitu chema. Bali mshahara wa haki hutangulia sadaka.

John D. Rockefeller, karani wa miaka 16 mwaka 1855, aliandika sadaka zake ndogo katika daftari. Ya baadaye hatuyasifu yote; mwanzo huo twausifu.

Basi, ndugu mwenye duka changa, usiseme: "Nitatoa nikishatajirika." Mjane wa Injili hakuwa na ziada. Mlipe mtumishi wako kwa siku yake, kisha utenge fungu la maskini. Mkono usiozoea kutoa franka moja hautaweza kutoa elfu.