Pongezi kwa mashimo tisa ya Mombasa

Sisi wa Singida upepo tunaujua; ukivuma kutoka Ziwa Singidani, haumwombi mtu ruhusa. Kwa hiyo nikiusifia uwanja wa gofu wa Mombasa, ninasifia kitu ninachokielewa.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1911. Mashimo yake ni 9 tu, juu ya miamba ya matumbawe inayotazama Bahari ya Hindi, si mbali na kivuko cha Likoni. Anayepiga mpira bila kwanza kuupima upepo asimlaumu mtu mpira ukiishia majini. Gofu yenyewe ilikulia mazingira kama hayo: huko St Andrews, Scotland, ilichezwa kwenye nyasi za mchanga wa pwani, na ni hapo ambapo mwaka 1764 mzunguko uliwekwa kuwa mashimo 18.

Ni kweli, mchezo huu uliletwa na wakoloni, na katika viwanja vyao Mwafrika aliingia akibeba mikoba ya wenzake. Lakini ni miongoni mwa wabeba mikoba hao walikotoka wachezaji hodari wa Afrika Mashariki. Pongezi zangu za kwanza ni zao.

Ukifika Mombasa, pita barabara ya Mama Ngina jioni ukautazame uwanja huo.