Asubuhi Watoto, Mchana Wakubwa: Jinsi Klabu Inavyousoma Uwanja wa Matope

Ukiitazama ratiba ya Jumapili moja ya ligi ya saiklokrosi huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, utadhani ni mashindano kadhaa yaliyokutana uwanjani kwa bahati tu. Watoto wa chini ya miaka 12 huanza asubuhi, vijana wakafuata, kisha wanawake na wakongwe waliovuka miaka 40 au 50. Mwisho kabisa, jua likiwa limeshaanza kuinama, huingia wanaume wa daraja la juu kwa muda unaokaribia dakika 60. Mpangilio hutofautiana ligi na ligi, na kila kundi lina mshindi wake. Lakini klabu inayoijua kazi hii huzichukulia kuwa mbio moja, zinazorudiwa tangu asubuhi hadi alasiri juu ya ardhi ileile, na kila zinaporudiwa ardhi imegeuka.

Hapo ndipo ulipo uchambuzi wa siku nzima. Misuli ya mtu mmoja mmoja haibadiliki kati ya asubuhi na mchana. Kinachoweza kubadilika ni kiasi cha habari anachoingia nacho mstarini.

Saiklokrosi ni mbio za msimu wa baridi. Ligi nyingi za Uingereza huanza Septemba na kumalizika Januari, zikizunguka bustani za miji, viwanja vya shule na mashamba. Baiskeli yake inafanana na ya barabarani, pamoja na ule usukani uliojikunja, ila fremu imeachwa na nafasi pana kuzunguka tairi ili matope yapite. Mchezo huu si mgeni. Wafaransa walikuwa na ubingwa wa taifa tangu 1902, na ubingwa wa dunia ulifanyika kwa mara ya kwanza Paris mwaka 1950, akashinda Jean Robic, yuleyule aliyekuwa ametwaa Tour de France ya 1947. Kanuni za UCI, shirikisho la dunia, zinataka mzunguko wa kilomita 2.5 hadi 3.5, na angalau asilimia 90 yake iwe inapitika kwa baiskeli. Ile sehemu ndogo iliyobaki ndiyo inayowavuta watazamaji: hapo mtu hushuka, huitupa baiskeli begani na kukimbia.

Sasa turudi kwenye ardhi. Asubuhi nyasi bado zimesimama. Zina umande au barafu nyembamba, zinateleza, lakini chini yake pagumu. Baada ya watoto na vijana kupita, nyasi zimeng'oka kwenye kona. Wakongwe wakimaliza, kona zilezile zina mifereji inayoinasa tairi ya mbele na kuipeleka inakotaka yenyewe. Mvua ikinyesha, matope huwa mepesi na hujiosha. Upepo ukikausha, huwa mazito, hujichanganya na nyasi na kujikunja kwenye gia. Anayekagua njia saa tatu asubuhi halafu akakimbia saa nane mchana amekagua uwanja mwingine kabisa.

Ubingwa wa dunia wa 2017 huko Bieles, Luxembourg, ulionyesha jambo hili kwa ukatili. Baridi ilikuwa imeigandisha ardhi. Ilipoanza kuyeyuka, mawe makali yakajitokeza. Katika mbio za wanaume, Mathieu van der Poel alipata pancha mara kadhaa na taji likaenda kwa Wout van Aert. Siku moja kabla, kwenye mzunguko huohuo, vijana watatu wa Uingereza walikuwa wamezoa nafasi zote tatu za juu za daraja lao: Tom Pidcock, Dan Tulett na Ben Turner. Pidcock ni mtoto wa Leeds, hukohuko Yorkshire, na mwaka 2022 alitwaa ubingwa wa dunia wa wakubwa huko Fayetteville, Arkansas.

Klabu hukusanyaje habari hizo? Kwanza kwa kuwauliza waliotoka uwanjani kabla hawajavua kofia, na kwa kuuliza maswali yenye majibu. "Ilikuwaje?" huleta "ilikuwa ngumu", na hilo halimsaidii mtu. Maswali ya maana ni haya: kwenye kona ya baada ya mti ulipita ndani au nje? Ulishukia wapi kwenye kilima? Kuna aliyekupita ukiwa unaendesha na yeye anakimbia? Swali hilo la mwisho ni muhimu kuliko yote, kwa sababu kwenye matope mazito anayekimbia na baiskeli begani mara nyingi humpita anayeng'ang'ania pedali, na fahari ya mtu humzuia kuliona hilo akiwa juu ya kiti.

Si kila shahidi ni sawa. Mtoto wa kilo 30 ana jicho zuri la kutafuta ardhi ngumu, maana hana nguvu za kulazimisha kitu, lakini atakusifia njia ambayo mtu wa kilo 80 ataididimiza. Wakongwe ndio mashahidi bora. Uzito wao ni wa watu wazima, kwa kawaida hukimbia karibu na saa ya mbio kuu, na wengi wamekwisha kuanguka vya kutosha kiasi cha kutoona haya kusema walipokosea.

Habari hiyo ikishafika, jambo la kwanza linalobadilishwa ni upepo wa matairi, na hapa wageni wengi hupotezea mbio zao. Tairi ya barabarani hujazwa hadi iwe ngumu. Ya saiklokrosi huachwa laini kiasi cha kumtisha aliyezoea lami. Tairi la milimita 33, ambalo ndilo pana kuliko yote linaloruhusiwa na UCI, likiwa halina tyubu ndani na limebeba mtu wa uzito wa kawaida, huanzia PSI 25 hivi kwenye nyasi. Wakubwa wa Ubelgiji na Uholanzi, wanaotumia matairi yaliyogundishwa kwenye rimu, huweza kushuka chini ya 20. Upepo ukipungua, tairi hulala, hugusa ardhi kwa eneo kubwa zaidi na kujikunja kufuata mzizi au jiwe badala ya kudundwa nalo. Ukipungua kupita kiasi, rimu hugonga jiwe, au tairi isiyo na tyubu hufyatuka pembeni na kumwaga upepo wote kwenye kona. Nafasi kati ya kushika vizuri na kuharibikiwa ni finyu, labda PSI mbili au tatu. Ndiyo maana klabu makini hutumia kipimo kimoja kwa watu wote siku nzima. Vipimo viwili tofauti vinaweza kukosana kwa kiasi kilekile kinachotafutwa, na hapo ushauri wa mkongwe aliyetoka uwanjani hugeuka kuwa uvumi.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mzunguko una kona 20 na mtu anapoteza sekunde moja kwenye kila kona kwa kuogopa tairi ya mbele. Kwa mizunguko saba hizo ni sekunde 140. Hakuna mazoezi ya wiki mbili yatakayomrudishia dakika mbili na ushee.

Kushuka kwenye baiskeli nako kuna ufundi wake. Mtu hushukia kushoto siku zote, kwa sababu cheni na meno yake viko kulia. Mguu wa kulia huzungushwa nyuma ya kiti baiskeli ikiwa bado inatembea, mkono wa kulia hushika bomba la juu la fremu, na mguu wa kushoto huachia pedali dakika ya mwisho. Kupanda tena ni kurukia kiti kwa paja la ndani, si kwa makalio, bila ile hatua ndogo ya kusitasita ambayo huua mwendo wote. Mbao mbili za kuruka, zisizozidi sentimita 40 kwenda juu, zimewekwa ili kumlazimisha mtu kufanya haya yote. Mwaka 1989 huko Pontchâteau, Ufaransa, Mbelgiji Danny De Bie aliziruka akiwa juu ya baiskeli na kuwa bingwa wa dunia, mbele ya Adrie van der Poel, baba yake Mathieu. Baadaye Sven Nys, aliyetoka kwenye BMX, aliufanya mtindo huo kuwa silaha ya kawaida, na leo Puck Pieterse wa Uholanzi huutumia kwenye mbio za wanawake. Katika ligi ya mkoa, hata hivyo, ushauri mwema kwa wengi ni kukimbia. Anayeruka vibaya hupoteza zaidi ya anayeshuka vizuri, na tena hupoteza meno.

Kuhusu mwanzo wa mbio, maneno machache yanatosha. Waandaaji huwapanga washiriki kwa pointi za ligi, njia hubanwa kwa utepe muda mfupi baada ya kuondoka, na aliye mstari wa sita hujikuta amesimama kwenye kona ya kwanza akisubiri foleni. Klabu inayotaka matokeo Desemba hupeleka watu wake Septemba.

Eneo la kubadilishia baiskeli ndilo linaloonyesha waziwazi kama kundi ni klabu au ni watu waliovaa jezi za rangi moja. Baiskeli hubadilishwa hapo tu. Ukilipita ukiwa na pancha, utakokota hadi utakapolifikia tena. Huko Ostend, Ubelgiji, kwenye ubingwa wa dunia wa 2021, Van der Poel alianguka mapema na Van Aert akaongoza, kisha tairi ya mbele ya Van Aert ikaisha upepo. Hadi alipopata baiskeli nyingine, mbio zilikuwa zimegeuka. Ni kinyume kabisa na Migration Gravel Race, mbio za baiskeli za njia za changarawe zilizoanza 2021 kwenye vumbi la Maasai Mara, Kenya, ambako anayepata pancha hutengeneza mwenyewe kando ya njia.

Kwenye ligi, mafundi ni wale waliokimbia asubuhi. Mama aliyemaliza mbio za wanawake anashika brashi na mashine ya presha, kama vijana wanaoosha bodaboda, huku mwanawe wa miaka 14 akisimama na baiskeli ya pili, gia ikiwa imewekwa nyepesi tayari. Wanachokitazama zaidi ni kile kibati chembamba kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma. Nyasi zikikisokota, hukatika, na mbio zimekwisha hata kama miguu ingali na nguvu. Anayebadilisha baiskeli kila mzunguko si lazima awe na mbili za bei ghali. Nyingi za hizo za pili ni fremu za zamani zilizorithiwa ndani ya klabu.

Mtu mmoja huachwa kwenye mstari wa kumalizia, na kazi yake ni hesabu. Idadi ya mizunguko hukadiriwa kutokana na mwendo wa anayeongoza, na kwenye ligi anayepitwa mzunguko mzima haondolewi. Humaliza pale kiongozi anapomaliza. Kwa hiyo aliye nyuma anahitaji kuambiwa kiongozi yuko umbali gani mgongoni mwake. Wako wanaokaza mwendo ili wapate mzunguko mmoja zaidi wa kumfukuza mpinzani. Wako pia wanaopunguza mwendo kiungwana, wakampisha kiongozi kabla ya kengele ya mzunguko wa mwisho, wakajiokolea dakika nane za mateso, na hakuna kanuni inayowakataza.

Kila raundi ina klabu mwenyeji, na zamu ikifika, kazi huanza siku moja kabla kwa kupigilia vigingi na kufunga utepe. Mwenyeji mwerevu huweka kona kali mahali penye mwinuko kidogo, maji yasije yakasimama, na huacha njia iwe pana ili ikishachimbika upande mmoja, utepe usogezwe kati ya mbio na mbio. Jioni vigingi vyote hung'olewa, kimoja kimoja, kwa kuwa shule yenye uwanja itakata nyasi wiki ijayo, na kigingi kikibaki kitavunja mashine.