Ngitili si ardhi isiyotumika

Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 iliihesabu ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika kuwa sehemu ya ardhi ya jumla. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huohuo, ilipofasili istilahi hiyo haikuwa na nyongeza hiyo.

Sisi twalikosoa neno "isiyotumika". Wasukuma huifunga ngitili wakati wa mvua ili majani yake yawafae ng'ombe wakati wa kiangazi. Aionaye bila mifugo huidhani tupu, kumbe kuipumzisha ndiko kuitumia. Twashauri wafasiri na maofisa waandike "ngitili", au "malisho yaliyopumzishwa". Istilahi isiyopimwa yaweza kukinyang'anya kijiji malisho yake.