Jiwe: Tamathali Isiyoshtakika

Wachina, wakikejeli udhibiti wa mtandao, huandika "kaa wa mtoni" badala ya "maelewano". Kwao maneno hayo hutamkwa karibu sawa. Kwetu mchezo uko kwenye maana. Hayati Magufuli, mzaliwa wa Chato, alijiita jiwe, watu wakalidaka. Hata chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nani akushtaki kwa jina alilojipa mwenyewe?

Ukisoma ugumu tu, umesoma nusu. Nadai kuwa msikilizaji wa Geita ana zaidi: kwa mchimbaji mdogo, jiwe si mali mpaka lipite kwenye karasha. Mengine hutoa dhahabu, mengine vumbi tupu, bwana! Basi mtu wa Nyarugusu aliweza kulitamka kwa sifa au kwa kejeli, na askari aliyekaa jirani asijue ni ipi.