Walinzi watatu na maandishi mawili ya 1954



Kila mwaka mdogo mmoja finaliste ananiuliza: "Mkubwa, kozi ya recherche opérationnelle, ile wote tunaita RO, inaleta kazi gani?" Mie namjibu: soma kwanza maandishi mawili ya mwaka 1954. Leo nataka kuyapima mbele yenu, juu yalinifundisha kazi. Lakini kuko kitu kimoja yaliniachia mie mwenyewe nikitafute, na sikukitafuta.

Andiko la kwanza ni la Leslie Edie. Alikuwa mtumishi wa Port of New York Authority, shirika lililosimamia madaraja na njia za chini ya mto za kuingia New York. Linaitwa "Traffic Delays at Toll Booths", yaani magari kukawia kwenye vibanda vya peaje. Njo lilipata Lanchester Prize ya kwanza kabisa.

Swali lake ni lile na sisi tunajiuliza tukiwa kwenye foleni ya peaje: vibanda vingapi vifunguliwe, saa ngapi? Vikiwa vichache, magari yanalundikana. Vikiwa vingi, mpokeaji anakaa bure na analipwa. Kinachonifurahisha ni kwamba Edie hakukaa ofisini na formula. Alienda kupima barabarani: magari yanafika namna gani, dereva anangoja muda gani. Nadharia ya foleni aliiweka pembeni ya vile vipimo. Kisha akapanga ratiba ya wapokeaji, gharama ikapungua na foleni pia.

Sisi wengi tunafanya kinyume, tusidanganyane. TFC inaanzia kwenye simpleksi, kisha tunatafuta data ya kuijaza. Ikikosekana, tunaitunga.

Andiko la pili ni maoni mafupi ya George Dantzig, yule wa simpleksi ya 1947. Wakati huo alikuwa RAND, kule California. Alisoma kazi ya Edie, akaona kwamba ile sehemu ya mwisho, nani aanze saa ngapi, inaweza kuandikwa kwa hesabu. Orodhesha kila zamu inayowezekana, na mapumziko yake ndani. Kila zamu ipe x, yaani idadi ya watu watakaoifanya. Kama saa sita ya mchana inahitaji watu wanane, jumla ya x zote zinazogusa ile saa isipungue nane. Fanya vile kwa kila kipande cha siku, kisha tafuta jumla ndogo kabisa ya watu. Imeisha.

Ni safi sana, bana. Mpaka leo, programu nyingi zinazopanga zamu za wauguzi au za wafanyakazi wa ndege zinasimama juu ya wazo hili. Mtafiti wa RO kwenye kampuni analipwa juu ya kuunganisha hawa wawili: miguu ya Edie na kalamu ya Dantzig.

Sasa lawama yangu. Kipimo cha huduma cha Edie kinamtazama dereva anayengoja. Na kwenye hesabu ya Dantzig, zamu ya alfajiri na zamu ya mchana zina bei moja: mtu mmoja. Mahali mtu anatoka, na vile anafika, hakuna mstari wake.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kampuni ndogo ya ulinzi, jina naliacha. Kulikuwa walinzi 20. Nikaandika ile hesabu kama vile tulifundishwa, kompyuta ikasema 17 wanatosha. Patroni akanipongeza. Watatu wakarudishwa nyumbani.

Wiki ya pili, zamu ya saa kumi ya alfajiri ikaanza kukosa watu. Kuko gari gani saa tisa ya usiku? Walikuwa wanakuja kwa mguu, na mmoja akanyang'anywa simu njiani. Hesabu haikuwa na kosa hata moja. Mie njo nilikosea: ile zamu niliiandika kwenye orodha bila kuuliza hata mlinzi mmoja anaishi wapi. Ningeuliza, ingetoka kabla ya kuhesabu. Tulipoitoa, jibu likawa 19. Lakini kati ya wale watatu mmoja tu alikubali kurudi. Mmoja sikumuona tena, na patroni hakuniomba maelezo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Andiko la Dantzig ni zuri zaidi, lakini la Edie ni la lazima zaidi. Dantzig anakuachia wewe orodha ya zamu, na pale njo kazi yenyewe iko. Simpleksi haitakuonya. Ukiiwekea zamu ambayo mtu hawezi kuifikia, itaichagua kwa furaha kama inapunguza jumla.

Mdogo wangu finaliste, ukipata kazi ya RO, siku ya kwanza acha kompyuta imefungwa. Enda usimame pale walinzi wanapokezana, uulize kila mmoja: unatokaka wapi, na unafikaka na nini? Andika majibu. Ile njo data yako ya kwanza.